Mtoto hanyonyi vizuri: ulimi umefungwa kweli, au tatizo liko kwingine?

Mama mmoja kijana alikuja kliniki kutoka upande wa Bahi, hapa mkoani Dodoma, mtoto ana siku 12. Chuchu zote mbili zimepasuka, na kila mtoto akishika titi mama anakunja vidole vya miguu kwa maumivu. Mama mkwe wake alikuwa amekwisha kumfunua mtoto mdomo na kuona utando chini ya ulimi. "Huyu amefungwa ulimi," akasema, "na fundi yupo pale kijijini. Tumefika huku kwa sababu binti amekataa." Fundi mwenyewe ni yule wa kukata vimeo kwa wembe. Nikamwamkia bibi, nikaomba jambo moja kabla ya yote: mama anyonyeshe nikiwa natazama. Mtoto alikuwa amelazwa chali mapajani, shingo imegeuzwa kulifuata titi, ameshika ncha ya chuchu peke yake. Tukamgeuza tumbo likagusa tumbo la mama, tukangoja apanue mdomo, tukamsogeza. Baada ya mafunda machache mabega ya mama yakashuka. Ulimi wa yule mtoto haukuwa na kasoro yoyote.

Haukupita muda akaja mwingine kutoka Kongwa, na malalamiko yaleyale. Huyu tulimweka titini kila namna, na kila mara anateleza na kuachia. Akilia, ncha ya ulimi inavutwa katikati na kuchukua umbo la kopa. Alikuwa na siku 20 na uzito wake ulikuwa bado chini ya ule wa kuzaliwa. Nyumbani walishaamua kwamba mama hana maziwa, wakaanza kumpa ya ng'ombe. Huyu alihitaji mkasi, tena alitakiwa kuupata wiki mbili nyuma.

Ndiyo maana hapa naanza na dalili. Ukianza kwa kufunua mdomo utakuta utando kwa kila mtoto, kwa sababu kila mtoto anao.

Utando, kimeo na "meno ya plastiki"

Simama mbele ya kioo, inua ulimi wako: utauona utando unaoushikiza ulimi kwenye sakafu ya mdomo. Shida inakuja ukiwa mfupi, mnene, au umejishika karibu sana na ncha, hata ulimi ukashindwa kuvuka fizi au kuinuka. Hapo ndipo tunasema ulimi umefungwa. Kwenye faili daktari anaweza kuandika ankiloglosia. Makadirio mengi huangukia kati ya watoto 4 na 10 kwa kila 100, kutegemea kipimo alichotumia mpimaji, na wavulana ni wengi kuliko wasichana. Sehemu kubwa ya watoto hao wananyonya bila taabu na hawahitaji kuguswa.

Kimeo ni kitu kingine kabisa. Kinaning'inia nyuma kooni na hakihusiki na kushika titi. Hayo yanayoitwa meno ya plastiki nayo ni vijino vya kawaida ambavyo bado vimelala ndani ya fizi. Anayevichimbua anamwachia mtoto kidonda na anaweza kuharibu meno ambayo hayajaota. Nayataja yote matatu pamoja kwa sababu huku kwetu katikati ya nchi nimeona mtoto asiyenyonya akipitishwa kwenye mikono hiyo kwa zamu: leo kimeo, kesho meno, keshokutwa ulimi. Mtoto wa kilo 3 ana damu ya takriban robo lita tu mwilini mwake mwote. Wembe uliopita kwa mwingine unaweza kumpa pepopunda, VVU, au maambukizi yanayosambaa kwenye damu. Ndugu zangu, mtoto mwenye shida hii asikatwe nyumbani. Hata kama utando ni mfupi kweli. Hata kama fundi alimkata baba yake na akapona.

Dalili: chuchu zinauma, zimepasuka, zinatoka damu

Siku chache za mwanzo chuchu huweza kuwa na ukakasi mtoto anapoanza kuvuta, kisha maumivu yanapoa ndani ya nusu dakika hivi. Maumivu yanayoendelea muda wote wa kunyonya yana sababu, na sababu inayoongoza kwa mbali ni namna mtoto alivyoshika titi.

Kagua hivi. Mwili wa mtoto umenyooka, sikio, bega na nyonga viko kwenye mstari mmoja? Amekuelekea kifua kwa kifua, amesogea hadi hakuna nafasi ya kupitisha mkono katikati yenu? Umemshikilia mwili mzima, au umeshika kichwa tu na miguu inaelea? Kisha tazama mdomo: uwe wazi kama anayepiga mwayo, mdomo wa chini umefunuka kwa nje, kidevu kimegusa titi, na weusi wa titi unaonekana zaidi juu ya mdomo kuliko chini yake. Kikikosekana kimojawapo, usivute tu kumtoa. Ingiza kidole kisafi pembeni mwa mdomo wake ili kuachanisha, umtoe, uanze upya. Ukifanya hivyo mara kumi kwa siku utaudhika, lakini siku ya tatu mtoto atakuwa amejifunza. Gusisha chuchu kwenye mdomo wake wa juu, ngoja apanue kabisa, kisha mlete mtoto kwenye titi. Akina mama wengi wanainama kupeleka titi kwa mtoto, na mgongo unawauma pia.

Titi likiwa limejaa hadi limekuwa gumu, mtoto hawezi kushika weusi, ataishia kwenye ncha. Kamua kidogo kwa mkono hadi sehemu inayozunguka chuchu ilegee, ndipo umnyonyeshe.

Kama chuchu zinawaka moto hata baada ya kunyonyesha, ngozi inang'aa au inabanduka, mchunguze mtoto kwa fangasi. Mabaki ya maziwa juu ya ulimi hufutika kwa kitambaa laini. Fangasi haifutiki kirahisi, ipo pia ndani ya mashavu, na ukiilazimisha inaacha wekundu. Dawa yake hupewa mama na mtoto kwa wakati mmoja. Ukitibu mmoja, mwingine anamrudishia.

Ulimi uliofungwa unaanza kuwa na uzito pale ambapo mkao umerekebishwa na mtu anayejua, siku kadhaa zimepita, fangasi hakuna, na bado chuchu inatoka mdomoni imebonyea, imekatwa mshazari, au ina mstari mweupe katikati. Umbo hilo linaonyesha kwamba mtoto anaibana kwa fizi kwa sababu ulimi haufiki mbele kuikinga.

Mama anayeishi na VVU mwenye chuchu inayotoka damu asisubiri hata siku moja. Aendelee na dawa zake bila kukatisha, mtoto aendelee na dawa ya kinga, na titi lenye kidonda alikamue na kumwaga maziwa hayo huku akimnyonyesha upande mzima, hadi aonane na mhudumu wake wa CTC, kliniki ya tiba na matunzo ya VVU.

Dalili: ananyonya saa nzima, hashibi, uzito hauongezeki

Kwanza uhakikishe kwamba uzito hauongezeki kweli. Mtoto mchanga hupungua siku za mwanzo, na kupungua hadi asilimia 10 kunaweza kutokea bila ugonjwa: aliyezaliwa na kilo 3 anaweza kushuka hadi kilo 2.7. Kufikia wiki ya pili hivi awe amerudi pale alipozaliwa nao. Baada ya hapo, kwa miezi mitatu ya mwanzo, huongeza kama gramu 20 hadi 30 kwa siku. Mpime bila nguo, kwenye mzani uleule, na namba iandikwe kwenye kadi. Nimeona mtoto "aliyepungua" kwa sababu mara ya kwanza alipimwa na nepi iliyolowa na shuka. Nyumbani, hesabu mikojo: kuanzia siku ya tano au ya sita, nepi 6 au zaidi zilizolowa vizuri kwa saa 24 ni dalili kwamba maziwa yanaingia.

Kama namba ziko chini kweli, sababu ya kwanza kuuliza ni ratiba na vitu vingine anavyopewa. Mtoto mchanga anyonye mara 8 hadi 12 kwa usiku na mchana. Huku Dodoma jua ni kali, vumbi ni kavu, na bibi anamwonea huruma mjukuu: "Mpe maji kidogo, koo limekauka." Maziwa ya mama kwa sehemu kubwa ni maji, karibu asilimia 88, na yanamtosha mtoto wa chini ya miezi sita hata kwenye joto letu. Kila kijiko cha maji, cha maji ya uji au cha dawa ya tumbo la mtoto kinachukua nafasi ya maziwa kwenye tumbo dogo, na titi lisilonyonywa hupunguza kutengeneza. Msimu wa mvua nao una mambo yake. Kuanzia Novemba au Desemba mama anarudi shambani, mtoto anabaki na dada yake wa miaka tisa na kikombe cha uji, na Januari tunamwona kliniki amesinyaa. Ulimi hauna kosa hapo. Simlaumu mama huyo, mvua zetu ni za msimu mmoja na asipolima sasa hakuna chakula mwaka mzima; lakini tunaweza kupanga mtoto aende naye shambani, au akamue kabla ya kuondoka. Maziwa yaliyokamuliwa yakae kivulini, penye ubaridi, kwenye chombo kisafi chenye kifuniko, kwa muda usiozidi saa 4, na apewe kwa kikombe kidogo. Chupa zinachafuka kirahisi.

Vidonge vya uzazi wa mpango vyenye homoni mbili vinaweza kupunguza maziwa. Kama ulianza hivi karibuni na maziwa yameshuka, rudi kliniki ubadilishiwe njia.

Halafu kuna mtoto mwenyewe. Aliyezaliwa kabla ya wakati huchoka haraka. Mwenye manjano analala titini. Mwenye pua iliyoziba kwa vumbi anaachia kila mara ili apumue, na matone ya maji ya chumvi ya hospitalini humsaidia. Anayetokwa jasho kwenye paji la uso na kuhema anaponyonya achunguzwe moyo. Aliyelegea viungo vyote achunguzwe mwili mzima. Na kaakaa lazima litazamwe kwa tochi na kupapaswa kwa kidole kisafi, kwa sababu mdomo sungura unaonekana na kila mtu, ila tundu la kwenye kaakaa linaweza kujificha nyuma mwezi mzima huku maziwa yakitokea puani.

Baada ya yote hayo ndipo ulimi. Mtoto wa ulimi uliofungwa huwa na picha yake: anavuta haraka haraka lakini humsikii akimeza, anateleza na kuachia, anasinzia kwa uchovu, anaamka na njaa baada ya dakika 20, na titi linabaki zito kama hajanyonya.

Dalili: anatoa mlio akinyonya, anameza hewa, anacheua

Mlio kama wa ulimi unaobanduka kwenye kaakaa unaonyesha mtoto anapoteza mshiko katikati ya kuvuta. Ulimi mfupi unaweza kuleta hivyo, lakini hata maziwa yanayoruka kwa nguvu yanaleta, na mtoto wa namna hii ananenepa huku anapaliwa. Mama wa aina hii aegemee nyuma, mtoto awe juu yake, maziwa yapande mlima kidogo.

Kucheua peke yake, kwa mtoto anayeongezeka uzito na mwenye furaha, ni jambo la kawaida. Kulia jioni na gesi vilevile. Mtoto asikatwe ulimi kwa ajili ya gesi.

Dalili: alikuwa ananyonya vizuri, ghafla ameacha

Ningependa kila mzazi akumbuke sehemu hii kuliko nyingine zote. Utando wa ulimi mtoto anazaliwa nao. Haufungi siku ya saba. Mtoto aliyenyonya vizuri siku mbili tatu kisha akashindwa ni mgonjwa mpaka ithibitike vinginevyo. Mdomo ukiwa umekaza, mwili unakakamaa ukimgusa, hiyo inaweza kuwa pepopunda, hasa kama kitovu kilipakwa kitu au kilikatwa kwa wembe wa nyumbani.

Mpeleke hospitali saa hiyohiyo, usiku au mchana, mtoto wa chini ya mwezi mmoja ambaye hawezi kunyonya, amepata degedege, anapumua mara 60 au zaidi kwa dakika akiwa ametulia, kifua kinabonyea ndani, ana joto la 37.5 au zaidi au amepoa chini ya 35.5, amelegea haamki, au manjano yamefika viganjani na kwenye nyayo. Njiani mweke kifuani mwako ngozi kwa ngozi umfunike. Mambo ya ulimi yatazungumzwa akipona.

Namna ya kuutazama ulimi

Osha mikono. Mlaze mtoto mapajani kwako, kichwa kuelekea magoti, penye mwanga. Mguse mdomo wa chini aone kama atatoa ulimi: unavuka fizi, unafika kwenye mdomo? Akilia, ulimi unainuka angalau hadi katikati ya mdomo, au kingo zinapanda na katikati inabaki chini kama kijiko? Ncha ni ya mviringo, au ina mkato? Ingiza kidole chenye kucha fupi: ulimi unakikumbatia na kukivuta, au unasikia fizi tu zinatafuna?

Wataalamu hutumia kipimo kilichotengenezwa Bristol, Uingereza, chenye mambo manne: umbo la ncha, utando umejishika wapi kwenye fizi, ulimi unainuka kiasi gani, unatoka kiasi gani. Kila moja lina alama 0 hadi 2, jumla 8. Alama 3 kushuka chini ni ulimi ulioshikwa sana. Lakini hata hapo, alama bila tatizo la kunyonya hazimpeleki mtoto kwenye mkasi. Nawasihi pia wahudumu wenzangu: msiandike "ulimi umefungwa" kwenye kadi kabla ya kumwona mtoto ananyonya tangu mwanzo hadi mwisho. Neno hilo likishaandikwa, familia itatafuta wa kukata.

Ikithibitika ni ulimi

Anza zahanati au kituo cha afya kilicho karibu, upate barua ya rufaa. Madaktari wa masikio, pua na koo, na wa kinywa na meno, utawapata ngazi ya hospitali ya rufaa. Kwa Dodoma mjini kuna hospitali ya rufaa ya mkoa na Hospitali ya Benjamin Mkapa. Kisera, watoto wa chini ya miaka mitano wana msamaha wa gharama kwenye vituo vya serikali. Ukiambiwa ulipe na huna, ulizia ofisi ya ustawi wa jamii hapohapo hospitalini kabla hujakata tamaa na kurudi.

Kwa mtoto mchanga kazi yenyewe ni ya sekunde chache. Anafungwa kwenye shuka, msaidizi anashika kichwa, daktari anainua ulimi na kukata utando kwa mkasi wenye ncha butu. Yanatoka matone machache ya damu, panabanwa kwa gozi, mtoto anapewa titi palepale. Kunyonya kunamtuliza na kusaidia kuzuia damu. Mara nyingi hahitaji sindano ya usingizi.

Kabla ya hapo lazima daktari ajue mambo mawili. Je, mtoto alipata sindano ya vitamini K baada ya kuzaliwa? Aliyezaliwa nyumbani au njiani huenda hakuipata, na asipoipata anaweza kutoka damu isiyokoma. Na je, kuna ndugu anayevuja damu kupita kiasi, aliyepata shida alipotahiriwa au kung'oa jino? Sema hata kama hukuulizwa. Mtoto mwenye kidevu kidogo kilichorudi nyuma pia asikatwe kwa haraka, maana ulimi ukilegea unaweza kuanguka nyuma na kuziba njia ya hewa.

Utafiti unasema nini? Mapitio ya mwaka 2017 ya Cochrane, mtandao unaokusanya na kupima tafiti za tiba, yalikusanya majaribio 5 yenye watoto 302: maumivu ya chuchu kwa mama yalipungua kwa muda mfupi baada ya kukata, lakini haikuonekana wazi kwamba kunyonya kwa watoto kuliboreka kwa wote. Mwaka 2024 American Academy of Pediatrics, chama cha madaktari wa watoto cha Marekani, ilishauri sababu nyingine zishughulikiwe kwanza kabla ya kukata. Huko kwao watoto walikuwa wanakatwa kupita kiasi, wengine kwa mashine za leza za bei kubwa, ambazo hazijathibitika kuushinda mkasi. Huku kwetu makosa ni mawili yanayopishana: anayehitaji anacheleweshwa kwa miezi akipewa maziwa ya ng'ombe, na asiyehitaji anakatwa kwa wembe.

Amekatwa, lakini shida bado

Pale chini ya ulimi patakuwa na doa jeupe au la manjano kwa wiki moja hadi mbili. Huo ni uponaji, si usaha, usilikwangue. Usipake asali, chumvi wala majivu. Wapo wanaofundisha kusugua kidonda kila baada ya saa chache ili kisijifunge tena. Ushahidi wa kutosha kwamba kunasaidia hakuna, na mtoto anayeumizwa mdomoni anaweza kulikataa titi. Kazi ya kunyoosha ulimi aifanye mwenyewe kwa kunyonya.

Wengine wanabadilika siku hiyohiyo. Wengine wanahitaji wiki moja au mbili, kwa sababu mtoto alikwisha zoea kubana kwa fizi na sasa anajifunza upya. Endelea kurekebisha mkao kila mara, kamua ili maziwa yasipungue, mpime uzito baada ya wiki. Kama wiki mbili zimepita na hakuna tofauti, rudi: ama utando umejishika tena, ama sababu ilikuwa nyingine tangu mwanzo. Damu inayoendelea kutoka baada ya dakika kumi za kubana kwa kitambaa kisafi, homa, au kukataa kabisa kunyonya ni vya kurudi hospitali mara moja.

Mtoto mkubwa: hasemi, au hasemi vizuri

Mtoto wa miaka miwili asiyesema neno hata moja hajanyamazishwa na utando. Ulimi uliofungwa unaweza kuharibu namna ya kutamka baadhi ya sauti. Hauzuii mtoto kuanza kusema. Herufi m, b, p hutoka midomoni, k na g hutoka nyuma ya ulimi, na hakuna utando unaozigusa. Mtoto asiyesema hata "mama" wala "baba" apimwe masikio kwanza, hasa kama yamewahi kutoka usaha. Uliza pia kama alichelewa kulia alipozaliwa, kama aliwahi kuugua homa ya uti wa mgongo au malaria kali, kama anakutazama usoni ukimwita, na kama nyumbani kuna mtu anayeongea naye au anashinda na simu. Nimewaona wazazi wakitumia miaka miwili kutafuta wa kukata ulimi, kumbe mtoto hasikii. Miaka hiyo miwili hairudi.

Kama anasema ila hatamki vizuri, msikilize kwenye sauti zinazohitaji ncha ya ulimi: tatu, dada, nanasi, lala, sita, zawadi, thelathini. Usimpime kwa r mtoto wa miaka mitatu; sauti hiyo huchelewa. Tena kama nyumbani watu wazima wanabadilishana l na r kwa mazoea ya lugha ya kwanza, mtoto anayesema "gali" badala ya "gari" anaiga walimu wake. Kigugumizi nacho hakitokani na utando.

Kipimo kizuri cha nyumbani ni ubuyu. Mpake unga kidogo kwenye mdomo wa juu, mwambie aulambe bila kutumia mkono. Kisha weka kidogo nje ya magego, aufuate kwa ulimi. Akishindwa, na ulimi ukitolewa nje unakunjika chini na ncha inagawanyika, na zile sauti za ncha zinamsumbua, apelekwe kwa daktari wa masikio, pua na koo. Katika umri huu huwa anapewa dawa ya usingizi, utando unakatwa na mara nyingi kushonwa kwa nyuzi zinazoyeyuka zenyewe. Siku chache atakunywa uji uliopoa na vyakula laini. Baada ya hapo matamshi yanahitaji mazoezi, maana mazoea ya miaka hayakatwi na mkasi. Wataalamu wa tiba ya usemi ni wachache nchini, kwa hiyo omba ufundishwe mazoezi ya kufanya nyumbani, na muyafanye kila siku muda mfupi.

Utando wa mdomo wa juu

Kuna wazazi wanaoinua mdomo wa juu wa mtoto, wanakuta utando umeshuka hadi kwenye fizi, na wanaambiwa huo nao ukatwe. Karibu kila mtoto mchanga yuko hivyo. Taya linavyokua na meno yanavyoota, utando unapanda juu wenyewe. Hakuna ushahidi mzuri kwamba kuukata kunasaidia kunyonya. Kama mdomo wa juu unajikunja ndani, ufunue taratibu kwa kidole akishashika titi. Meno yakiota na maziwa yakawa yanabaki pale, mswaki laini au kitambaa kila usiku ndiyo kinga ya kuoza.

Na ile nafasi katikati ya meno mawili ya mbele, kwa wengi wetu ni mwanya tu, na wenye nao husifiwa. Mzazi asiyeupenda asiruhusu utando ukatwe utotoni. Asubiri chonge za kudumu ziote, kwenye miaka 11 au 12, maana mara nyingi ndizo zinazoyasukuma meno ya mbele yakasogeleana. Ukibaki baada ya hapo, daktari wa meno atautazama.